Je, waliochanjwa ndio wanaozaa virusi vipya? Tuanze na A.23.1, aina ya Korona iliyozaliwa hapa Uganda

Maabara_Jinja (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Kuna hoja inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu enzi za Korona, na sasa naona imehamia kwenye chanjo za watoto: kwamba chanjo ndiyo inayokifunza kirusi kubadilika, kwa hiyo kadiri tunavyochanja ndivyo tunavyofuga aina mpya zilizo kali zaidi. Akina mama wanaulizana jambo hili kwenye foleni za kliniki kwa hofu ya kweli. Wanastahili jibu lenye tarehe na sababu, si kuambiwa tu "sikilizeni wataalamu". Nafanya kazi maabara, na inaniuma mtu anapomrudisha mtoto nyumbani bila chanjo kwa sababu ya ujumbe ambao hata hajui umetoka kwa nani.

Tarehe kwanza. Shehena ya kwanza ya chanjo za Korona ilitua Entebbe mwanzoni mwa Machi 2021, na kampeni ikaanza tarehe 10 mwezi huo. Sasa rudi nyuma hadi Agosti na Septemba 2020. Kulikuwa na mlipuko kwenye magereza ya kaskazini, upande wa Amuru na Kitgum. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda (UVRI) pale Entebbe, taasisi ile ile ambayo jina lake limefungamana na ugunduzi wa kirusi cha Zika mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika, walisoma vinasaba vya Korona iliyokuwa ikizunguka mle wakakuta aina waliyoiita A.23. Ikaendelea kubadilika ikawa A.23.1, na kufikia mwanzo wa 2021 ndiyo iliyokuwa imetawala Kampala. Ikavuka hadi Rwanda na nchi nyingine kadhaa. Wakati hayo yote yanaanza, nchi hii haikuwa na dozi hata moja.

Na si sisi tu. Aina ya Alpha ilionekana kwenye sampuli za Septemba 2020 kusini mashariki mwa Uingereza. Uingereza ilianza kuchanja tarehe 8 Desemba 2020. Delta ilionekana India Oktoba 2020. India ilianza kuchanja tarehe 16 Januari 2021. Beta ilitangazwa Afrika Kusini Desemba 2020, kabla ya kampeni yao kuanza. Mtu akikwambia waliochanjwa ndio waliozaa Delta, muulize tu: waliochanjwa wapi, mwezi gani?

Sasa inakuwaje kirusi kibadilike? Korona ina maelekezo ya herufi karibu 30,000. Ikiingia kwenye seli, inaigeuza seli hiyo kuwa karani wa kunakili maelekezo hayo mara nyingi mno, na karani mwenye haraka hukosea herufi hapa na pale. Korona ina kimeng'enya cha kukagua nakala, ndiyo maana inabadilika polepole kuliko homa ya mafua. Hata hivyo, katika ukoo mmoja wa kirusi hukusanyika takriban mabadiliko mawili kwa mwezi. Mengi hayana athari, mengine hukidhoofisha kirusi chenyewe, na mara chache sana moja linakipa nguvu.

Angalia A.23.1. Ilikuwa na badiliko kwenye mwiba wake, yaani protini ya nje ambayo kirusi hutumia kuingilia kwenye seli, nafasi ya 681. Badiliko hilo hilo, nafasi hiyo hiyo, lilionekana pia kwenye Delta. Hizi ni koo mbili za mbali kabisa, moja Uganda na nyingine India, na kila moja ilifika pale kivyake, kwa sababu badiliko hilo linausaidia mwiba kukatwa vizuri ili kirusi kiingie kwenye seli. Mimi jambo hili lilinishangaza kuliko yote niliyosoma wakati ule. Makosa hutokea kiholela, lakini yanayobaki hayabaki kiholela.

Chanjo inaingia hapo, kwenye kubaki. Haisababishi kosa, inachofanya ni kubadilisha masharti ya ushindi. Watu wakiwa hawana kinga yoyote, inayoshinda ni aina inayoenea haraka kuliko wenzake. Ndivyo Alpha ilivyoshinda, na ndivyo Delta ilivyoifagia A.23.1 kutoka Uganda katikati ya 2021, tukafungiwa tarehe 18 Juni kwa siku 42 huku waliochanjwa wakiwa bado wachache mno. Watu wengi wakiwa na kinga, kasi peke yake haitoshi tena. Aina ambayo kingamwili, zile protini za mwili zinazokishika kirusi, hazitambui vizuri ndiyo inayopata watu wa kuambukiza. Omicron, iliyoripotiwa kutoka Botswana na Afrika Kusini Novemba 2021, ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba tu, na mengi yako pale pale ambapo kingamwili hushika.

Kwa hiyo ile hoja ya WhatsApp ina chembe ya ukweli: kinga ya jamii inachagua. Ila kinga ya kuugua nayo inachagua vivyo hivyo. Mji wa Manaus, Brazil, watafiti walikadiria kwamba karibu robo tatu ya watu walikwishaambukizwa kufikia Oktoba 2020. Januari 2021 aina ya Gamma ikawarudia kwa kishindo, hospitali zikaishiwa oksijeni. Hapo chanjo haikuhusika. Tofauti ni hii: anayepata kinga kwa kuugua anakipa kirusi siku nyingi za kujinakili ndani yake, na anayepata kinga kwa chanjo hakipi kitu.

Karibuni kwa maswali.

Wakala_Malaba

Asante kwa somo, musawo (daktari). Mimi niko kwenye kugomboa mizigo hapa mpakani. Mwaka 2020 madereva wa trela walibebeshwa lawama zote, hata kuuziwa chai walikataliwa. Lakini tuliokuwa hapa tuliona hali yenyewe. Foleni ilirudi nyuma kilomita na kilomita upande wa Kenya. Dereva anapimwa, anaambiwa asubiri majibu, majibu yanachukua siku. Anasubiria wapi? Chini ya trela. Jiko moja la mkaa, sufuria moja, watu sita wanakula pamoja na kikombe kinazunguka. Anayeingia foleni akiwa mzima anaweza kutoka akiwa mgonjwa. Sasa swali langu: hivi aina mpya inasafirije? Dereva mmoja anatosha?

Maabara_Jinja

Ndugu yangu wa Malaba, umeeleza vizuri kuliko ripoti nyingi. Ile foleni ilikuwa kiwanda cha maambukizi, na lawama hazikuwastahili madereva.

Dereva mmoja anaweza kutosha, ila kwa kawaida hatoshi. Ukisoma vinasaba vya virusi vilivyoingia nchi yoyote, unakuta aina moja imeingia mara nyingi kwa njia tofauti: vituo vya mpakani vya Malaba, Busia, Mutukula na Elegu, uwanja wa ndege wa Entebbe. Nyingi kati ya hizo zinazimika zenyewe, kwa sababu wagonjwa wengi hawamwambukizi mtu na wachache wanaambukiza kundi zima. Inayobahatika kumpata mtu aliyeko gerezani, kwenye bweni au kwenye taksi iliyojaa madirisha yamefungwa ndiyo inayoshika mizizi. Kwa hiyo wakati mwingine aina inatawala mahali kwa bahati tu ya kufika kwanza kwenye msongamano. Ili ujue kama kweli ina nguvu, angalia kama inashinda mahali pengi penye mazingira tofauti. A.23.1 ilishinda huku kwetu. Delta ilishinda karibu dunia nzima.

Ndiyo maana pia kufunga mipaka dhidi ya nchi za kusini mwa Afrika mwaka 2021 hakukusaidia kitu. Mwanzoni mwa Desemba Omicron ilikwishaonekana kwa wasafiri waliopimwa Entebbe, nao hawakutoka nchi moja.

Nakato_Kla

Samahani kaka, mimi nilichanjwa mara mbili na bado niliugua Januari 2022, nyumba nzima tuliugua. Na hospitalini niliambiwa wengi waliolazwa walikuwa wamechanjwa. Sasa hiyo chanjo ilizuia nini?

Maabara_Jinja

Pole sana dada, na swali lako ni la haki kabisa.

Sindano ya bega inajaza kingamwili kwenye damu. Kirusi kinaingilia puani na kooni, ambako kingamwili za damu hufika kidogo, na kidogo hicho hupungua baada ya miezi. Kwa hiyo kinaweza kuanza kuzaana puani kabla mwili haujaamka. Kikishuka kuelekea mapafuni kinakutana na kingamwili za damu pamoja na seli za kinga zenye kumbukumbu, ambazo hazichoki haraka na hutambua sehemu nyingi za kirusi, hata zile ambazo Omicron haikuzibadilisha. Huenda ndiyo maana wewe uliugua nyumbani na leo unaandika hapa.

Kuhusu waliolazwa, fanya hesabu hii. Mtaa una watu wazima 1,000. 900 wamechanjwa, 100 hawajachanjwa. Tuseme wasiochanjwa wanalazwa 10, yaani mmoja kwa kila kumi. Waliochanjwa wanalazwa 18, yaani wawili kwa kila mia. Wodini utahesabu wagonjwa 28, na 18 kati yao wamechanjwa. Mtu akichukua namba hiyo peke yake atasema chanjo inaumiza, wakati hapo hapo imepunguza hatari mara tano.

Mfano wa kweli: Julai 2021, mji wa Provincetown huko Massachusetts, Marekani, sherehe zilileta mlipuko wa Delta. Kati ya wagonjwa 469 waliohesabiwa, asilimia 74 walikuwa wamekamilisha chanjo. Namba hiyo ilisambazwa dunia nzima. Ambacho hakikusambazwa ni kwamba waliolazwa walikuwa watano tu na hakuna aliyekufa.

Na je, aliyechanjwa anaambukiza? Ndiyo, anaweza. Uingereza walifuatilia familia zenye mgonjwa wa Delta. Wanafamilia waliochanjwa waliambukizwa asilimia 25, wasiochanjwa asilimia 38. Kirusi kilipanda kwa wingi unaofanana kwa wagonjwa wote, ila kwa waliochanjwa kilishuka haraka zaidi. Siku chache za kuambukiza ni nakala chache, na nakala chache ni makosa machache.

Kuku_Mukono

Mimi ni mfugaji. Naomba nisieleweke vibaya, mimi nachanja kuku wangu wote. Lakini nilisoma kwamba chanjo ya ugonjwa wa Marek imefanya kirusi chake kuwa kikali miaka hii yote. Vifaranga wasiochanjwa siku hizi wanakufa wote. Kama imetokea kwa kuku, kwa nini isitokee kwa watu?

Maabara_Jinja

Mzee, nilikuwa nasubiri mtu alete hoja hii, kwa sababu ndiyo yenye uzito kuliko zote upande ule, na ni kweli.

Chanjo ya Marek, inayotumika tangu miaka ya 1970, inamkinga kuku asipate uvimbe na asife, lakini haimzuii kubeba kirusi na kukitoa kwenye vumbi la manyoya. Miaka ikaenda, kirusi kikawa kikali zaidi na zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza na Marekani walichapisha jaribio: kuku wasiochanjwa waliopewa aina kali kabisa walikufa ndani ya siku kumi hivi, kabla hawajatoa kirusi kingi. Waliochanjwa waliishi wakaendelea kukitoa kwa wiki nyingi, na kuku wengine wasiochanjwa waliowekwa karibu nao waliambukizwa wakafa. Yaani aina kali, ambayo zamani ingejiua kwa kumuua kuku mapema, ilipata njia ya kuendelea.

Sasa tazama kilichokuwa kinakizuia kirusi cha Marek zamani: kuku kufa mapema. Chanjo ikaondoa kizuizi hicho. Kwa Korona kizuizi hicho hakikuwepo tangu mwanzo. Mtu anaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla ya dalili na siku chache baada yake. Anayekufa, hufa wiki kadhaa baadaye, wakati kirusi kilikwishahamia kwa wengine zamani. Kumuua mgonjwa hakukigharimu kirusi chochote, kwa hiyo hakuna ukali uliokuwa unasubiri chanjo ndiyo uachiliwe. Na Omicron, iliyokuja kwenye dunia iliyojaa kinga, ilizaana zaidi njia ya juu ya hewa kuliko mapafuni, na kwa wastani haikuwa kali kama Delta. Simaanishi kwamba virusi hulegea siku zote. Delta ilikuwa kali kuliko iliyotangulia. Ninachosema ni kwamba njia ya Marek haikuwa njia ya Korona.

Kisha kuna mazingira. Wewe unaijua banda: maelfu chini ya paa moja, kundi linauzwa linaingia jingine, na vumbi la kundi la kwanza bado lina kirusi kinachoishi kwa miezi. Hata hivyo, wewe mwenyewe umesema unachanja wote. Waliochanjwa hawakudhuriwa na aina kali. Waliokufa ni waliokosa, na dawa yake ilikuwa vifaranga wachanjwe siku ya kwanza pale wanapototoleshwa, pamoja na usafi wa banda. Hakuna mfugaji aliyepona hasara kwa kuacha.

Kuku_Mukono

Hapo kwenye siku za kuambukiza nimekuelewa. Sikuwa nimeliona hivyo.

Muuguzi_Gulu

Naomba kuongeza, maana watu wanasahau upande mmoja. Machi 2020 usafiri ulipopigwa marufuku, wagonjwa wetu wa ARV walitembea kilomita nyingi kufuata dawa, na wengine hawakufika. Tulipeleka kwa baiskeli tulipoweza. Musawo, nilisikia kwamba mtu mwenye kinga dhaifu anaweza kukaa na Korona kwa miezi. Eleza hilo, lakini tafadhali kwa namna isiyowaletea watu hawa unyanyapaa.

Maabara_Jinja

Asante dada, na nakubaliana nawe kuhusu tahadhari.

Mtu wa kawaida humaliza kirusi ndani ya wiki moja au mbili. Mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, awe mgonjwa wa saratani, aliyepandikizwa figo, au anayeishi na VVU bila tiba inayofanya kazi, anaweza kukaa nacho muda mrefu. Afrika Kusini walimfuatilia mama mmoja ambaye VVU vyake havikuwa vimedhibitiwa. Korona ilikaa mwilini mwake zaidi ya siku 200 na kukusanya mabadiliko zaidi ya 30. Wagonjwa wa namna hiyo wameonekana Ulaya na Marekani pia, wengi wakiwa wa saratani. Ndani ya mwili kama huo kuna kinga kidogo: haitoshi kukimaliza kirusi, lakini inatosha kuchagua kile kinachoikwepa. Ni maelezo mojawapo yanayopewa uzito kuhusu Omicron, iliyotokea ghafla na mabadiliko mengi bila kuonekana hatua za katikati.

Uganda ina watu takriban milioni 1.4 wanaoishi na VVU, na wengi wao wako kwenye tiba. Aliye kwenye ARV na VVU vyake vimeshuka anaimaliza Korona kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo zile baiskeli zenu za Gulu zilikuwa pia kinga dhidi ya aina mpya za Korona, hata kama hakuna aliyeziita hivyo.

Nakato_Kla

Na polio? Nakumbuka walipita nyumba kwa nyumba na matone, wakasema kirusi kimepatikana kwenye maji taka ya Kampala na kimetokana na chanjo. Hapo ndipo mimi nilichanganyikiwa kabisa.

Maabara_Jinja

Hapa sitakwepa. Mwaka 2021 kweli kilipatikana kwenye maji taka ya Kampala, polio aina ya pili, na kweli asili yake ni kirusi cha chanjo.

Matone ya mdomoni yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto akinywa, kinazaana tumboni, anapata kinga, na anakitoa kwenye choo kwa wiki kadhaa. Watoto wengi wa eneo hilo wakiwa wamechanjwa, kirusi hicho hakipati pa kwenda, kinafia hapo. Wakiwa wengi hawana kinga, kinapita mtoto hadi mtoto kwa mwaka mzima na zaidi, kikijinakili na kukosea, hadi kinarudisha nguvu ya kupooza.

Kwa nini aina ya pili? Kwa sababu polio ya asili ya aina hiyo ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2015, na Aprili 2016 nchi zote ziliiondoa kwenye matone ya kawaida. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuwa na kinga nayo tumboni, na masalio ya chanjo ya zamani yakapata nafasi. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake, lakini kwa maoni yangu ulichukuliwa kabla nchi nyingi hazijawafikia watoto wa kutosha, na watoto wa Afrika ndio walioulipia. Matone mliyopewa nyumba kwa nyumba kuanzia Januari 2022 ni chanjo mpya, nOPV2, ambayo vinasaba vyake vimerekebishwa makusudi ili iwe vigumu zaidi kurudi kwenye ukali.

Ukiiweka polio karibu na A.23 ya magereza, unakuta zote mbili zilikua mahali pamoja: kwa watu waliobanana na wasio na kinga.

Wakala_Malaba

Swali la mwisho kwangu. Surua nayo ni kirusi. Mbona chanjo yake haibadilishwi?

Maabara_Jinja

Chanjo ya surua imetokana na kirusi kilichochukuliwa kwa mgonjwa mwaka 1954, na hadi leo inakinga. Surua inakosea herufi kama virusi wenzake, lakini sehemu ambazo kingamwili hushika ndizo inazotumia kuingilia kwenye seli. Ikizibadilisha, haiingii tena. Na kingamwili huishika sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo ingebidi ibadilishe zote kwa pamoja. Ikitokea milipuko ya surua kwetu, watafute watoto waliokosa dozi. Kirusi ni kile kile.

Dada Nakato, kwa kuwa umeniandikia pembeni kuhusu kadi ya mwanao: matone ya polio ni wakati wa kuzaliwa, kisha wiki 6, 10 na 14. Surua na rubela ni miezi 9, na dozi ya pili miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo wengi wanaisahau kwa sababu mtoto anakuwa ameshaacha kwenda kliniki. Akiwa amevuka umri, mpeleke hivyo hivyo na kadi yake. Watamwangalia na kumkamilishia.